Kabla Hujamfunga Salim

Mombasa, Jumapili

Shoga yangu Rukia,

Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia usiku, nikaona nikuandikie, maana kwenye simu ukishapanda hasira husikii la mtu.

Unataka mtalaka wako Salim afungwe kwa kutowatunza watoto. Wallahi nakuelewa. Amri ya mahakama ya kutoa matunzo ya watoto anayo, karo hatoi, na picha za harusi yake mpya mji mzima umeziona. Ila ujue mambo yanavyokwenda. Mahakama humpa kwanza notisi aje aeleze kwa nini asifungwe, na hapo hakimu anatafuta jambo moja: hana, au anacho na hataki? Asiye na uwezo kweli hafungwi. Kwa hivyo usiende kulia, nenda na ushahidi: karatasi yake ya mshahara, zile bodaboda alizowapa vijana waendeshe, na hiyo harusi yenyewe. Picha za ukumbi usizifute, hata zikikuchoma roho.

Halafu kuna hili ambalo hukuambiwa. Mfungwa wa madeni hulishwa na anayemdai. Ndiyo, wewe! Pesa za chakula chake unazilipa mwezi kwa mwezi, tena kabla, na ukiacha kulipa anafunguliwa. Binti ya mjomba wangu alilipa za mwezi wa kwanza kwa pesa za mchezo wa kina mama, za wa pili zikamshinda, na bwana akatoka jela ya Shimo la Tewa akienda zake msikitini na kanzu imepigwa pasi. Kifungo chenyewe hakipiti miezi 6. Deni halifutiki, lakini kwa deni hilohilo humkamatishi tena. Na kazini wakimfuta, karo utaidai wapi?

Mimi ningeanza na mshahara. Mwambie wakili aombe ukatwe hukohuko kazini, kabla haujamfika Salim mkononi. Mshahara ukiwa hautoshi, bodaboda zishikwe ziuzwe. Jela ibaki nyuma kama kitisho, kwa kuwa wako wanaume ambao pesa huonekana siku askari anapobisha hodi, na Salim namjua, aibu ya mtaa anaiogopa kuliko hakimu.

Mamake naye asikubabaishe eti Kadhi ameshapitisha talaka, pesa za eda ulipewa, basi yamekwisha. Aliyeachwa ni wewe, watoto hawakuachwa. Katiba, ibara ya 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumlea mtoto, wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelikazia hilo.

Jumatano nitakupitia asubuhi twende mahakama ya watoto, Tononoka. Beba nakala ya amri, risiti za shule zote na taarifa ya M-Pesa tangu amri ilipotoka, ili ionekane alituma nini na lini alikata. Akikutumia ujumbe wa matusi usimjibu, uweke tu.

Nisalimie watoto, na yule mdogo mwambie kashata zake nitakuja nazo.

Shogayo,
Zainabu