Kuhusu ile Lincoln ya De Wint

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza uanzie wapi kuinakili picha ya rangi za maji ya mji wa Lincoln, Uingereza, na kanisa lake kuu kilimani, iliyochorwa na Mwingereza Peter De Wint. Anza na anga, kanisa liache mwisho.

Bana karatasi ya pamba ya gramu 300 kwenye ubao, uiloweshe kwa sifongo, kisha subiri mng'ao wa maji upotee. Ukigusa kwa mgongo wa kidole iwe bado baridi. Hapo telezesha rangi ya anga kwa brashi nene, uishushe hadi kwenye kilima, na sehemu ya kanisa uiache nyeupe. Usirudie! Brashi yenye maji mengi kuliko karatasi husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochanika. Likitokea, liache likauke kabisa ndipo ulifute kwa brashi yenye unyevu.

Minara ni mitatu, yote butu. Kilele kirefu cha mnara wa kati kilianguka mwaka 1548. Pima urefu wa mnara huo kwa penseli kabla ya kupaka, kwani wengi huurefusha kupita kiasi na kilima kikaonekana kifupi. Mawe ya chokaa ya kanisa ni manjano hafifu: okra (rangi ya udongo wa manjano) na tone la wekundu, maji mengi. Ikikauka, weka upande wa kivuli kwa pigo moja. Madirisha usiyahesabu. Paa za mjini ndizo zibebe giza, na giza hilo ndilo litakalolipa kanisa mwanga.

Sasa jambo ninalokusihi sana: usiige wekundu wa mawingu katika baadhi ya picha zake. De Wint alifariki 1849, na nili (rangi ya bluu) aliyotumia imeliwa na mwanga, ukabaki wekundu uliochanganywa nayo. Ripoti ya wanasayansi Russell na Abney, iliyotoka London mwaka 1888, ilithibitisha kuwa nili haihimili mwanga. Ukipata nafasi ya kuona picha iliyotolewa kwenye fremu, tazama ukingo uliofunikwa. Hapo mara nyingi bluu bado ipo.

Kwa hiyo soma tyubu yako. Ikiandikwa msimbo wa rangi NB1 au PB66, hiyo ni nili halisi, iache dukani. PB60, bluu nyingine, inadumu. Ukiwa na shaka, paka mstari kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa karatasi ya alumini, ukiweke dirishani miezi mitatu, kisha ufunue ulinganishe.

Wasalaam,
Rafiki yako