Barua ya wazi kwa Msajili wa Viuatilifu: dawa ya magugu huvunjika kuwa nini?

Ndugu Msajili,

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja la kwenye lebo: "huvunjika". Mkulima akisoma kwamba dawa ya magugu huvunjika upesi udongoni, anajua imekwisha. Nami nilibeba bomba mgongoni miaka mingi nikiamini hivyo.

Kumbe haijaisha. Bakteria, jua na maji vimeikata vipande, na kila kipande ni kemikali yenye tabia zake. Dawa ya magugu iitwayo atrazini hugeuka desethilatrazini, ambayo bado ina klorini yake na hupenya hadi maji ya chini ya ardhi. Nyingine, glifosati, huacha kipande kiitwacho AMPA, kinachodumu udongoni kuliko glifosati yenyewe. Dawa za diuroni, linuroni na propanili zote hutoa 3,4-dikloroanilini, na kwa viroboto-maji, vidudu vidogo vya majini, hiyo ni kali kuliko diuroni iliyoizaa.

Sasa mfikirie chura. Yai lake halina gamba, ni ute tu. Mvua zinapoanza ndipo dawa hupigwa, na ndipo vyura wengi hutaga, tena kwenye madimbwi yanayopokea maji ya shambani. Ndani ya siku chache kiinitete kinatakiwa kiwe na moyo, macho, utumbo na mgongo ulionyooka. Baadaye kiluwiluwi huota miguu, mkia huliwa na mwili wenyewe, utumbo hufupika, na kazi yote hiyo huamrishwa na homoni ya tezi ya shingoni. Sumu kidogo sana, isiyoweza kuua, inatosha kuvuruga ratiba hiyo.

Ndiyo maana kuhesabu waliokufa hakutoshi. Kipo kipimo cha saa 96 kinachotumia viinitete vya chura Xenopus laevis, ambacho huhesabu wafu na walemavu: waliopinda mgongo, waliovimba maji, wenye macho mabovu. Tuseme kemikali inaua nusu yao kwenye miligramu 20 kwa lita, lakini inalemaza nusu kwenye miligramu 5. Ukiiangalia kwa vifo utasema ni pole. Ukigawanya 20 kwa 5 unapata 4, na hapo unajua kazi yake kubwa ni kulemaza. Anilini, vipande vitokanavyo na dawa za magugu alakloru na metolakloru, zilipimwa hivyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kwa hiyo mtu asikuambie haiwezekani.

Saa 96 nazo zina upungufu: kiluwiluwi hajaanza hata kuota miguu. Kwa hatua hiyo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi, ilipitisha mwaka 2009 kipimo namba 231, cha siku 21, kinachofuatilia tezi na mgeuko wa umbo.

Najua utanikumbusha kuwa ubishi wa atrazini haujatulia. Ni kweli. Mwaka 2002 Tyrone Hayes, mtafiti wa vyura, alichapisha kwamba mikrogramu 0.1 za atrazini kwa lita iliwapa vyura dume wa maabara viungo vya uzazi vya jinsi zote mbili. Watafiti wengine walijaribu na hawakuyaona hayo. Lakini ubishi huo, kwa sehemu kubwa, ni wa atrazini yenyewe. Watoto wake, yaani vipande vyake, hawajapata hata wa kuwagombania.

Wala sisemi kila kipande ni kibaya. Haidroksiatrazini, kipande kingine cha atrazini, imepoteza klorini na hunata kwenye udongo. Huenda ikaonekana haina neno. Basi ipimwe, ijulikane.

Ninachoomba ni hiki: anayeleta dawa kusajiliwa alete pia vipimo vya viinitete na viluwiluwi kwa kila kitokanacho kikubwa, yaani kila kipande kikubwa cha dawa hiyo, na maji yapimwe dawa na vitokanavyo vyake kwa pamoja. Umoja wa Ulaya tayari unahesabu vitokanavyo muhimu katika kikomo chake cha mikrogramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa. Na kwenye lebo, neno "huvunjika" lifuatwe na jina la kinachobaki.

Wako,
Mpiga dawa wa zamani