Risiti ya Kambi ya Pasaka: Barua kwa Vijana wa Kanisa Letu

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Ninawaandikia waziwazi kwa sababu jambo lililoniudhi halikufanyika sirini. Lilifanyika mchana kweupe katika duka la jumla huko Kongowea, mbele ya wapagazi na wateja.

Wajumbe wenu walitumwa kununua mchele, unga na mafuta ya kambi ya Pasaka. Walipokwisha kulipa, walimwomba mwenye duka awaandikie risiti ya fedha nyingi kuliko walizotoa, ili ile ziada wagawane kama nauli. Mwenye duka, ambaye ni Mwislamu wa makamo na jirani yangu wa miaka mingi, alikataa, akawauliza kwa upole kama mchungaji wao ana habari. Wakamjibu kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, wakaenda kutafuta risiti tupu kwingine, wakaijaza wenyewe. Haya alinieleza tulipokuwa tukingoja feri Likoni, bila kejeli hata kidogo, na heri angenicheka.

Nauli si dhambi. Kama ilihitajika, mngeiomba kwa mhazini, naye angewapa na kuiandika kuwa nauli. Mlipoiandika kuwa mchele, mliwadanganya akina mama waliouza mahamri ili kambi ifanyike, kisha mkasimama mbele yao kuongoza sifa. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini hadi nilipostaafu, na kila karani niliyemwona akifukuzwa kwa wizi alianza na tarakimu ndogo ambayo aliamini ni haki yake kwa kuwa amechoka na mshahara hautoshi. Torati, katika Kumbukumbu 25:13, inamkataza mtu kuweka mfukoni mawe mawili ya mizani, kubwa na dogo. Ninyi mmeweka risiti mbili.

Msinijibu kwamba kila mtu anafanya hivyo. Tangu mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, Ukristo wa mji huu umeishi mbele ya macho ya majirani ambao hawaingii kanisani kusikiliza mahubiri yetu, lakini wanatuuzia, wanatukopesha na kutupangisha nyumba.

Yako mengine, nayo mnayajua. Lipeni madeni ya dukani kabla ya kununua simu mpya. Msimwambie mwajiri kwamba mnaumwa ilhali mko harusini Kilifi. Kondakta akikosea akakurudishia chenji ya ziada, mrudishie. Polisi akitaka chai, msitoe, kwani Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji.

Lakini nikiwakemea ninyi peke yenu nitakuwa mnafiki. Mmetuona sisi wazee tukipokea bahasha za wanasiasa kwenye harambee na kuwapigia makofi, bila yeyote kuuliza fedha zimetoka wapi. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia moja irudishwe, na nchi nzima ikashangaa, mshangao ambao wenyewe unatosha kutuhukumu. Nitalipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee, ingawa najua kiti changu hakitakuwa na raha siku hiyo.

Nanyi, sisemi mfukuzwe wala majina yenu yasomwe madhabahuni. Nawapenda, na nilikuwapo wengi wenu mlipobatizwa. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakuishia kutubu kwa maneno. Aliahidi kurudisha mara nne. Sidai mara nne. Fedha hizo zifike kwa mhazini kabla ya ibada ya Jumapili, pamoja na hesabu iliyoandikwa upya kwa bei halisi. Kisha wale wajumbe waende Kongowea wakamwombe radhi yule mzee. Wakiona haya kwenda peke yao, wanipitie nyumbani alasiri, nitafuatana nao.

Ni mimi baba yenu,
Mzee wa kanisa, Kisauni