Barua kwa mwanangu: Dirisha linalotazama Menengai

Luanda, Vihiga
Jumapili jioni, Januari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako hajambo, na ng'ombe amezaa wiki iliyopita, ndama jike. Ningekupigia, lakini yale uliyoniambia Alhamisi yamenikaa moyoni na jibu lake haliwezi kutosha kwenye simu.

Ulisema unatoka kazini, unawasha taa, unakula, unalala. Vyombo bado viko kwenye makatoni tangu Oktoba. Huoni haja ya kuhangaika na chumba kimoja cha kupanga hapo Nakuru. Utapamba siku utakapopata nyumba ya maana. Halafu ukaongeza, kama mtu anayepita tu, kwamba mle ndani kuna giza hata saa sita mchana. Mwanangu, ningekuwa karibu ningekuja na ndoo na tambara siku hiyo hiyo.

Nianze na hilo giza. Ulipohamia uliniambia ukisimama dirishani unauona mlima wa Menengai. Menengai iko kaskazini mwa mji wa Nakuru, basi dirisha lako linatazama kaskazini. Unakumbuka ile alama ya ikweta pale Maseno? Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, unatukataza tusikuvute. Sisi tunaoishi kwenye mstari huo, jua letu halikai mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa 12 na wa kwanza limeegemea kusini. Mwezi wa 6 na wa 7 limeegemea kaskazini. Katikati, karibu Machi 21 na Septemba 23, linapita juu ya utosi. Nakuru iko kusini ya mstari kidogo sana, kwa hiyo mambo ni yale yale. Wewe ulihamia Oktoba, jua likiwa ndio kwanza linaipa nyumba yako mgongo. Chumba hakina kosa. Hujakiona bado kikiwa na jua lake.

Ukifika mwezi wa 4, siku usiyo na zamu amka mapema utazame. Ukisimama dirishani jua litakujia kutoka mkono wa kulia, lipite kwa mshazari, ligonge ukuta wa kushoto. Weka alama ya kalamu pale linapogonga. Hapo ndipo kiti chako kitakaa miezi ya baridi.

Kwa sasa azima mwanga. Tafuta kioo kikubwa, hata cha mtumba chenye fremu iliyochubuka, ukitundike ukuta unaotazamana na dirisha. Osha vioo vya dirisha nje na ndani. Fimbo ya pazia ipandishe shubiri moja juu ya dirisha, na kila upande izidi shubiri nyingine, ili pazia likifunguliwa likae ukutani, lisikae juu ya kioo. Watu wengi hujinyima mwanga wao wenyewe kwa fimbo fupi. Mchana acha ile shiya nyeupe, lile pazia jepesi la ndani, peke yake. Na muulize mwenye nyumba kama atakuruhusu kupaka rangi. Lita 4 za rangi ya maji hutosha karibu mita 40 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo kopo moja litapaka ule ukuta wa kioo mara mbili na kubaki. Chukua nyeupe, uombe waitie manjano kidogo sana, iwe kama maziwa yaliyokaa yakashika mtindi. Nyeupe tupu kwenye chumba kisicho na jua huonekana kama hospitali.

Vumbi la huko nalijua. Nilikaa na baba yako mtaa wa Bondeni miaka mitatu kabla hujazaliwa, na wengi husema hata jina la Nakuru limetoka kwenye neno la Kimaasai la vumbi. Kuanzia sasa hadi mwezi wa 3 utafagia asubuhi na jioni litakuwa limerudi. Usishindane nalo. Lile kapeti la manyoya likung'ute nje, ulikunje, uliweke juu ya kabati hadi Julai. Chini tandika mkeka wa mafunjo. Nitakupitia soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, maana ndiyo siku kubwa ya soko, na akina mama wanaosuka kule upande wa Dunga huleta iliyo mizuri. Kila kitu ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo; kikavu huhamisha vumbi kutoka mezani kulipeleka kitandani. Pia nakuomba uwe na mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Maji hupenya vitundu vidogo vya mtungi, yakikauka kwa nje yanaondoka na joto, na kiangazi cha Nakuru kilivyo kikavu utakunywa maji baridi bila friji. Uweke kivulini mahali penye upepo, na kata juu yake. Mtungi peke yake kwenye kona tayari ni pambo.

Kuhusu rangi za ndani, nakumbuka nyanya yako. Kila Desemba, kabla watu hawajaanza kushuka kwenye mabasi kutoka Nairobi, alikandika nyumba upya. Alichanganya udongo na samadi mbichi ya ng'ombe, akaukanda hadi ukawa laini kama unga wa maandazi. Chini ya ukuta alipaka mchanganyiko wenye majivu, ukawa wa kijivu kizito. Juu akapaka udongo mwekundu wa kwetu. Madirisha aliyazungushia udongo mweupe aliouchota mtoni. Kisha, ukuta ukiwa bado haujashika, alirudi na vidole vinne pamoja akavuta upinde mmoja baada ya mwingine, toka mlangoni hadi kona, bila kuinua macho. Nilipoolewa nilimwona akifanya hivyo nikashindwa kuendelea na kazi yangu. Siku ya pili, ukuta ulipokauka, ungeweza kuweka vidole vyako ndani ya mifereji ya vidole vyake.

Alitumia rangi tatu tu, na hakuna hata moja aliyoinunua. Ndiyo njia ninayoifuata mpaka leo. Chagua mbili zitakazokaa mwaka mzima, kwa mfano huo weupe wa ukutani na rangi ya udongo ya mtungi na mkeka. Ya tatu ndiyo ya kubadilisha na majira, na hiyo iwe kwenye leso. Leso huuzwa mbili mbili. Moja itandike mezani, ya pili ikate uvishe mito miwili ya kochi. Ukikata, anza na sehemu yenye maandishi, uyapange katikati ya mto yasomeke yote. Jina la leso likikatwa nusu linakuwa maneno ya ovyo. Kiangazi weka ya buluu au kijani, macho yapumzike na lile vumbi. Mvua ikianza weka ya manjano au ya rangi ya chungwa. Jozi tatu zitakutosha mwaka mzima, na utazinunua moja moja kadiri pesa inavyopatikana.

Masika sina haja ya kukufundisha sana, wewe ni mtoto wa Bunyore, umekulia kwa watu wa Nganyi, wale waleta mvua, mvua unaijua. Gunia safi mlangoni la kufutia miguu, na pembeni karai la viatu. Kochi lisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani, hewa ipite, la sivyo mwezi wa 5 utakuta ukungu nyuma yake. Jioni ya kumbikumbi zima taa za ndani, uwashe ya nje, uweke beseni la maji chini yake, usilale na mbawa kitandani. Lakini hiyo pia ndiyo miezi ya kupanda. Mvua ya kwanza ikishanyesha, omba vijiti vya bogenvilia kwa yeyote mwenye ua, urefu wa kalamu, ukate chini ya kifundo, uchomeke kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa chini kwa msumari. Panda vitano, maana vingine havishiki. Mchaichai nao upande kwenye debe karibu na mlango. Ukipita ukaugusa kwa sketi utasikia harufu yake.

Julai na Agosti Nakuru ni baridi ya kweli, si kama hapa, na si kama Kisumu ambako watu hulala madirisha wazi. Ndipo kapeti lirudi chini, blanketi la kufunika miguu likae mgongoni mwa kochi, na kiti kiende pale pa ile alama ya kalamu. Nunua taa ya mezani yenye mwanga wa njano, uache ile ya juu. Na hapa nisikilize kama hujawahi kunisikiliza. Usiingize jiko la makaa ndani ukafunga dirisha, hata kama makaa yameshika mekundu na hayatoi moshi. Ile hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Pikia nje, uingie na chai.

Oktoba mijakaranda itachanua. Maua yake ukiyachuma hunyauka kabla ya kesho, ila ukiokota yale mapya yaliyoanguka asubuhi ukayaweka yaelee juu ya maji kwenye bakuli jeupe, jioni moja inatosha kufurahisha chumba. Na uko karibu na Naivasha, kwa hiyo mawaridi yasiyofaa kusafirishwa ng'ambo hukufikia mkononi. Kata vikonyo kwa mshazari, toa majani yote yatakayogusa maji, tia kijiko cha sukari na tone la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, badilisha maji kila siku ya pili. Mawaridi matatu kwenye chupa ya soda yanatosha.

Desemba utakuja nyumbani, najua. Hata hivyo usikiache chumba chako kikavu mpaka siku ya kusafiri. Omba tawi la saipresi, lisimamishe kwenye debe la mchanga uliolowa, linuke. Ulipokuwa darasa la pili tulikata magazeti ya zamani kuwa vipande, tukavigundisha kwa uji wa ngano, tukatengeneza mnyororo uliovuka sebule mara mbili, na kadi zote za Krismasi zikaning'inia kwenye uzi kando yake. Ule mnyororo ulikaa hadi Pasaka kwa sababu ulikataa tuutoe.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukisema wazi. Nilipoolewa nilifuma vitambaa vya kochi kwa kroshia, vyeupe, 12, kila kimoja na ua la waridi katikati. Vilinichukua karibu miaka miwili, usiku, kwa taa ya mafuta. Nilipovimaliza niliona ni vizuri mno, nikavitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Vya wageni. Tulikaa kwenye kochi tupu, foronya zikichanika, na vitambaa viko hatua nne kutoka pale. Siku moja ulinikuta nimevitoa kuvianika, ukaniuliza ni vya nani. Nikakujibu. Ukauliza wageni watakuja lini. Ulikuwa na miaka mitano, na uliuliza kwa hamu, kama mtu anayetaka kusaidia kuwapokea.

Masika yale paa lilivuja juu ya kitanda. Maji yaliingia sandukuni, na mimi sikujua mpaka siku wazee walipokuja kwa ajili ya posa ya shangazi yako. Nikalifungua sanduku mbele ya wanawake wenzangu. Kutu ilikuwa imechora duara kubwa la kahawia kwenye kitambaa kimoja baada ya kingine, vikiwa vimekunjwa vile vile nilivyovikunja. Nililia jikoni, na si kwa aibu ya wageni. Nililia kwa sababu hatukuwahi kuvikalia hata siku moja.

Vilivyopona ni vinne. Nimevifua leo, vimekauka, na nitavituma Ijumaa itakayofuata soko la Kibuye kwa matatu ya Nakuru pamoja na mkeka, kata, na chupa ya siagi ya kwetu. Dereva nitakupigia namba yake akiondoka. Vichukue steji jioni hiyo hiyo, na kabla hujala fungua yale makatoni, toa sufuria, toa picha za baba yako, halafu tandika vitambaa vyote vinne kwenye kochi.

Kile cha chini kabisa kina doa. Nililipaka limau na chumvi nikaliweka juani siku tatu, likafifia lakini halikutoka lote. Usilitie dawa ya kung'arisha, kwa kutu italifanya baya zaidi, na uzi wenyewe umezeeka. Kiweke upande unaokalia wewe.

Mama yako