Hela ya macho ya baba

Winnipeg, Kanada

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo Kongwa. Sisi hatujambo, kazi ipo, baridi tumeizoea.

Baba mdogo alinipigia juzi. Anasema baba ana vikope, kope zimegeukia ndani zinamkwaruza usiku kucha, na mimi nimekaa huku nakula raha. Kuombwa hela hakukuniuma. Kilichoniuma ni kusikia baba anatamba kilabuni kwamba ndiye aliyenisomesha. Shangazi, wale mbuzi wanne uliotoa ili nianze kidato cha kwanza, nani aliwaswaga mnadani akarudi siku ya tatu mikono mitupu? Nilipouliza nilipigwa mpaka sikio la kushoto likaziba wiki nzima, na kikao cha ukoo kikanyamaza kimya. Wewe peke yako ulinishika mkono, tukatembea mpaka kwako usiku ule ule.

Kwako maji yalikuwa ya kugombania kisimani, lakini kila asubuhi ulinitengea kopo moja la kuninawisha uso, nzi wasikae machoni. Macho yangu ni mazima mpaka leo.

Sasa nikupe ya kwangu. Tumenunua nyumba, vyumba vitatu! Mezani tunakaa wote wanne, hakuna anayetengewa nyama peke yake. Huu ni mwaka wa tisa wa ndoa, na mke wangu hajawahi kukimbilia kwa jirani. Somo yako ametimiza miaka sita. Namnawisha uso mwenyewe kabla ya shule, ingawa anadai ameshakuwa mkubwa. Wiki iliyopita niliinua mkono ghafla kushusha kitu kabatini, naye yuko hapo chini anakula. Hakujikunyata, Shangazi. Aliendelea kutafuna. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila koti.

Hela natuma, ila kwenye simu yako, si ya baba mdogo. Ni upasuaji mdogo wa kope, msisubiri mpaka mboni iharibike. Umpeleke wewe. Akishapona, aseme mbele ya watu mbuzi walikuwa wa nani.

Agosti tunakuja, Mungu akipenda. Nataka watoto wapande treni ya umeme kutoka Dar mpaka Dodoma. Niwekee mlenda mkavu na unga wa uwele, huku nauota. Na lile kopo la bati, kama bado lipo, usimpe mtu.

Mwanao