Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ujuzi Tuliopewa na Wajumbe Wanaojitolea

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha afya ya akili, ninawasilisha taarifa ya kazi za bodi kwa mwaka unaomalizika. Hesabu zilizokaguliwa mmeshagawiwa, na mweka hazina atazifafanua. Habari za huduma zitatolewa na mtendaji mkuu. Mimi nitajikita katika jambo ambalo halionekani kwenye vitabu vya hesabu: kazi tuliyofanyiwa na wanataaluma wanaokaa kwenye bodi hii bila malipo, na jinsi kazi hiyo inavyozaa matunda pale inapofanywa bega kwa bega na wenzetu waliopitia maradhi ya akili wenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani, yaani watu wapatao milioni 970, alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Takwimu za shirika hilohilo za mwaka 2020 zilionyesha kuwa serikali zinatenga takriban asilimia 2 tu ya fedha za afya kwa ajili ya huduma hizi. Vyama kama chetu vinahangaika ndani ya pengo hilo. Tukisema tuajiri mhasibu mwandamizi, mwanasheria, afisa rasilimali watu na mtaalamu wa mifumo ya kompyuta kwa mpigo, hatutabaki na fedha ya kumlipa mnasihi hata mmoja. Ndiyo maana nawashukuru kwa dhati wajumbe waliotupa ujuzi huo jioni baada ya kutoka makazini kwao.

Mhasibu aliyejiunga nasi mwaka huu alianza na salio la benki. Aligawa tarakimu ile katika safu mbili: fedha ambazo mfadhili ametoa kwa mradi maalumu na haziguswi kwa jambo jingine, na fedha ambazo bodi ina uhuru wa kuzipangia matumizi. Safu ya pili ilikuwa fupi kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Kisha akauliza, “Mfadhili mkubwa akijitoa leo, simu za msaada zitaendelea kupokewa kwa miezi mingapi?” Swali hilo ndilo lililozaa sera ya akiba mtakayoombwa kuipitisha leo. Mtu anayepiga simu usiku akiwa na mawazo ya kujitoa uhai hana habari na mikataba ya ruzuku. Anachojua ni kwamba wiki iliyopita kulikuwa na mtu wa kumpokea.

Mwanasheria wetu aliishughulikia fomu ya ridhaa, ile ambayo mtu huisaini anapokubali picha na simulizi yake vitumiwe na chama. Hakuiandika peke yake. Alikaa na wanachama wawili ambao wamewahi kusimulia maisha yao hadharani, wakaisoma mstari kwa mstari. Fomu mpya inataja kila mahali simulizi itakapotumika na kwa muda gani, inamruhusu mhusika kuficha jina, na inampa haki ya kuiondoa simulizi yake bila kuulizwa sababu. Haisainiwi mtu akiwa amelazwa. Pia nakala moja lazima ibaki mikononi mwake, na miezi michache baadaye aulizwe tena kama bado ameridhia. Kipengele hiki cha mwisho kilitoka kwa mmoja wa wanachama wale. Alieleza kwamba siku unapopata nafuu unakuwa na hamu ya kuwaambia watu wote, halafu unarudi kutafuta kazi na kukuta picha yako bado ipo kila mahali.

Mjumbe wetu wa rasilimali watu alitazama upande ambao husahaulika, yaani wale wanaosikiliza. Wapokeaji wa simu sasa wana muda wa kuzungumza na msimamizi baada ya simu nzito, kabla hawajarudi nyumbani, na ratiba haimpangii mtu zamu za usiku mfululizo. Mwandishi wa habari aliyeko bodini alitusaidia kuandika mwongozo wa machapisho yetu, akifuata ushauri ambao Shirika la Afya Duniani huwapa wanahabari: tusieleze njia mtu aliyoitumia kujiua, tusidai kwamba tukio hilo lina sababu moja nyepesi, na kila mara tuoneshe pa kupata msaada. Kwa upande wa kompyuta, majalada ya wateja sasa yanafunguliwa na wale tu wanaowahudumia. Hata mimi mwenyekiti sina ruhusa ya kuyaona, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Sasa niwaeleze kilichotokea katika kikao cha bajeti, kwa kuwa nadhani ndicho kikao bora kuliko vyote vya mwaka huu. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kupunguza saa za simu za msaada mwishoni mwa wiki, kwa vile simu nyingi huingia siku za kazi. Jedwali lilikuwa safi na hoja ilikuwa na mantiki. Mjumbe mmoja, ambaye kwa miaka mingi ameishi na ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), unaomfanya mtu apande na kushuka sana kihisia, akaomba nafasi. Akasema siku za kazi mtu ana kliniki, ana wenzake kazini, ana mahali pa kwenda. Jumamosi usiku kliniki imefungwa, dawa huenda zimekwisha, na jamaa wamechoka. Simu ni chache, akasema, lakini mtu anayepiga saa hizo mara nyingi hana mwingine wa kumpigia.

Mhasibu alichukua jedwali lake akarudi nalo nyumbani. Kikao kilichofuata alikuja na mpango mwingine: saa za mwisho wa wiki zibaki kama zilivyo, na tubane gharama za uchapishaji na za ukodishaji wa ofisi. Bodi ilipitisha kwa kauli moja. Pasingekuwa na mjumbe yule, tungefunga simu ile kwa nia njema kabisa. Na pasingekuwa na mhasibu, tungeiacha wazi bila kujua fedha zitatoka wapi.

Mchanganyiko huu una historia ndefu. Clifford Beers, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alilazwa katika hospitali za magonjwa ya akili mwanzoni mwa karne ya 20 na akatendewa vibaya humo. Mwaka 1908 alianzisha chama cha kutetea wagonjwa katika jimbo la Connecticut, na mwaka uliofuata kikafuata cha kitaifa. Waliomuunga mkono ni pamoja na mwanasaikolojia William James na daktari Adolf Meyer. Mgonjwa ndiye aliyeitisha, wataalamu wakaitika. Karibu karne moja baadaye, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao unawahusu pia wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu, ulizitaka nchi kuwashirikisha wahusika katika maamuzi yanayowagusa. Chama kinachodai haki hiyo kwa serikali lazima kiitekeleze kwanza kwenye bodi yake.

Kwa hiyo tumebadilisha namna ya kuendesha vikao. Nyaraka zinatumwa mapema, zikiwa na muhtasari wa lugha nyepesi. Kuna mapumziko. Nauli inarudishwa siku hiyohiyo. Mjumbe akiugua, kiti chake kinamsubiri, na hatakiwi kuomba radhi.

Kwa wale mnaofikiria kugombea, ipo mipaka ambayo ni vyema muijue mapema. Mjumbe wa bodi anasimamia. Shughuli za kila siku ni za watumishi. Mwanasheria aliyeko bodini si wakili wa chama, na mhasibu aliyeko bodini hawezi kuwa mkaguzi wa hesabu zilezile anazozisimamia. Mwenye maslahi katika zabuni anayatamka, yanaandikwa kwenye rejista, naye anatoka nje wakati wa uamuzi. Kutolipwa pia hakumwondolei mtu wajibu wa uaminifu na uangalifu ambao sheria inamtaka mjumbe awe nao. Anayetaka cheo cha kuandika kwenye wasifu wake tu, nafasi hizi hazimfai, na ninasema hivyo kwa heshima, kwa kuwa wanaotuhitaji hawana muda wa kupoteza.

Mwaka ujao nafasi tatu zitakuwa wazi. Tunahitaji mtu aliyebobea katika kutafuta fedha, na mwingine anayefahamu ulinzi wa watoto na watu walio katika mazingira magumu. Nafasi ya tatu bodi inapendekeza isifungwe na taaluma yoyote. Tunaleta hoja ya kurekebisha katiba ili angalau theluthi moja ya viti vya bodi ishikwe na watu waliopitia maradhi ya akili au waliomuuguza ndugu wa karibu, wakiwa na kura kamili kama wajumbe wengine. Naomba hoja hiyo ijadiliwe na kupigiwa kura kabla ya uchaguzi kuanza, ili wajumbe wapya wachaguliwe kwa utaratibu mtakaoupitisha.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Bodi