Kuhusu ule mstari wa "rudia mara 3 zaidi"

Habari za jioni wapendwa. Nimeona maswali yenu kuhusu shali ya pembetatu tunayoifuma kwa sindano, hasa kama mistari miwili ya mwanzo ifumwe mara 3 au mara 4, na kweli maelekezo yameandikwa kwa kubana mno.

Tuanze na panapowakwamisha wengi. "Rudia mstari wa 1 na wa 2 mara 3 zaidi" maana yake jozi hiyo inafumwa mara 4 kwa jumla, kwa sababu ile ya kwanza tayari mmeshaifuma. Hesabu ya vitanzi ndiyo itakayowahakikishia. Tulianza na vitanzi (yaani mishono iliyo kwenye sindano) 7. Kila mstari wa upande wa mbele unaongeza vitanzi 4: kimoja kila ukingoni, na kimoja kila upande wa kitanzi cha katikati. Mstari wa nyuma hauongezi chochote. Kwa hiyo mkimaliza sindano iwe na vitanzi 23. Mwenye 19 ameruka jozi moja, asifumue, aendelee tu kuifuma.

Mwenye 22 atazame karibu na kitanzi cha katikati. Mara nyingi pale ndipo uzi wa kuzungusha juu ya sindano, ule unaoongeza kitanzi na kuacha tundu, unaposahaulika, na utaona tundu upande mmoja tu. Fungeni kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha katikati, kitawasaidia sana.

Sehemu ya maelekezo yenye pambo la matundu msiiguse kwanza. Tutaipitia pamoja kesho. Aliyekwama atume picha ya upande wa mbele, kazi ikiwa imetandazwa, pamoja na idadi ya vitanzi.